Wauza majina ya intaneti wachunge kalamu zao

NOVEMBA mwaka 2003, mwanafunzi wa sekondari katika mji wa Victoria nchini Kanada, Mike Rowe, aliyekuwa na umri wa miaka 17, alipokea barua pepe kutoka kwa mawakili wa kampuni ya Microsoft. Kijana huyo alikuwa akitengeneza tovuti za watu kwa malipo madogo baada ya masomo. Miezi michache nyuma alikuwa amesajili jina la MikeRoweSoft.com, ambalo likitamkwa haraka haraka hufanana na jina la kampuni hiyo kubwa. Mawakili walimtaka alikabidhi. Alipouliza atalipwa nini, aliahidiwa dola 10 za Marekani, yaani gharama aliyotumia kulisajili. Kijana akajibu kwamba anataka dola 10,000.

Jibu hilo ndilo lililogeuza mambo. Januari 2004 alipokea waraka wa kurasa 25 ambao ndani yake mawakili walidai kwamba tangu mwanzo alilisajili jina lile kwa nia ya kuiuzia Microsoft kwa bei kubwa. Ushahidi haukutafutwa mbali. Ulikuwa ni ile barua yake mwenyewe. Baadaye Rowe alieleza kwamba kiasi kile alikitaja kwa hasira ya kuahidiwa dola 10, lakini hasira haionekani katika maandishi; kinachoonekana ni tarakimu.

Kwa bahati yake habari ile iliingia magazetini, watu wengi wakamhurumia, na Microsoft yenyewe ikakiri kwamba huenda ililichukulia jambo lile kwa uzito uliopita kiasi. Mapatano yakafikiwa mwezi huo huo. Rowe alipata mafunzo ya kompyuta, safari ya kutembelea makao makuu ya kampuni na mashine ya michezo ya Xbox. Jina likaenda Microsoft.

Wauzaji wengi wa majina hawapati bahati ya kutetewa na magazeti. Wao hupoteza jina kimya kimya, na mara nyingi kinachowapotezea ni maneno waliyomwandikia mnunuzi. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Katika biashara hii ulimi ni barua pepe, na barua pepe haifutiki.

Bidhaa isiyo na mizani

Jina la intaneti ni anwani ya tovuti, kama vile zile zinazoishia na .com, .tz au .ke. Anayewahi kulisajili ndiye mwenye haki ya kulitumia ilimradi alipe ada kwa wakati. Hadi mwaka 1995 kusajili jina la .com kulikuwa bure. Septemba mwaka huo kampuni ya Network Solutions ya Marekani ilianza kutoza dola 100 kwa miaka miwili. Tangu Septemba 2024, bei ya jumla ambayo kampuni ya Verisign, msimamizi wa .com, huwatoza wasajili ni dola 10.26 kwa mwaka, na mteja wa kawaida huuziwa na msajili kwa bei iliyo juu kidogo ya hapo.

Majina ya .com yaliyokwisha kusajiliwa sasa ni zaidi ya milioni 150. Maneno mafupi na mazuri yalikwisha zamani. Anayeyataka hana budi kuyanunua kwa mwenye nalo, na hapo ndipo soko la pili lilipozaliwa. Jina la Business.com liliuzwa dola 150,000 mwaka 1997, na miaka miwili baadaye likauzwa tena kwa dola milioni 7.5. CarInsurance.com lilinunuliwa kwa dola milioni 49.7 mwaka 2010. Mwaka 2019 kampuni ya MicroStrategy iliuza Voice.com kwa dola milioni 30 taslimu.

Bei hizo zimewatia wengi tamaa. Mtu yeyote mwenye kadi ya benki, awe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, anaweza kusajili jina la .com kwa dakika chache na kuanza kusubiri utajiri. Ukweli ni kwamba majina mengi yanayowekwa sokoni hayapati hata mnunuzi mmoja, na mwenye nayo huendelea kulipa ada mwaka hadi mwaka mpaka achoke.

Lakini hata kwa jina linalopata mnunuzi, kuna tatizo la bei. Kahawa inayopelekwa mnadani Moshi ina daraja lake, huonjwa kabla ya kununuliwa, na iko bei ya New York ya kulinganisha nayo. Jina la intaneti halina daraja wala mizani. Hakuna majina mawili yanayofanana, na jina lisilo na thamani kwa watu elfu moja huweza kuwa na thamani kubwa kwa mtu mmoja tu. Kwa hiyo bei yake haisomwi popote. Huzaliwa katika mazungumzo baina ya watu wawili ambao kwa kawaida hawajawahi kuonana na hawataonana.

Ndiyo maana mawasiliano na mnunuzi si jambo la adabu tu. Ni sehemu ya mali yenyewe.

Nani aanze kuzungumza

Mfanyabiashara wa kawaida hufundishwa kumfuata mteja alipo. Katika soko hili, kumfuata mteja kunaweza kumponza muuzaji.

Mwaka 1995 mtu mmoja wa Illinois, Marekani, alisajili jina la panavision.com, ingawa Panavision ni kampuni inayojulikana kwa kamera za sinema. Kwenye tovuti hiyo aliweka picha za mji mdogo wa Pana ulioko katika jimbo hilo. Mwanasheria wa kampuni alipomwandikia kumtaka aache, mtu huyo alijibu kwa barua akitaka alipwe dola 13,000. Kampuni ilipokataa, akasajili na jina la bidhaa yake nyingine. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ilimshinda. Majaji waliona kwamba biashara yake ilikuwa ni kukamata majina ya alama za biashara za wengine na kuwauzia wenyewe, na barua ile ya dola 13,000 ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaonyesha hivyo. Picha za mji wa Pana hazikumsaidia.

Mwaka 1999 shirika la ICANN, linalosimamia majina ya intaneti duniani, lilipitisha utaratibu wa kutatua migogoro ya majina bila kwenda mahakamani. Mlalamikaji hana budi kuthibitisha mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara, kwamba aliyelisajili hana haki nalo, na kwamba lilisajiliwa na kutumiwa kwa nia mbaya. Miongoni mwa dalili za nia mbaya zilizotajwa katika utaratibu huo ni kusajili jina hasa kwa lengo la kumuuzia mwenye alama ya biashara, au mshindani wake, kwa bei inayozidi gharama za kulipata.

Uamuzi wa kwanza kabisa chini ya utaratibu huo ulitolewa Januari 2000 kupitia Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO). Mtu mmoja alikuwa amesajili worldwrestlingfederation.com, jina la kampuni maarufu ya mieleka. Siku tatu tu baada ya kulisajili aliiandikia kampuni kuiarifu, na baadaye akataka dola 1,000. Msuluhishi hakupata taabu kuitambua nia yake kwa sababu mwenyewe alikuwa amekwisha kuiandika. Jina likaamriwa liende kwa kampuni.

Tangu hapo kesi zimeongezeka. Mwaka 2023 WIPO peke yake ilipokea zaidi ya kesi 6,000, na nyingi ya zinazoamuliwa humalizika kwa jina kuhamishiwa kwa mlalamikaji. Kufungua kesi yenye msuluhishi mmoja kwa jina moja hadi matano hugharimu dola 1,500. Kwa kampuni kubwa, hizo si fedha. Kampuni inayodaiwa dola 20,000 na mtu mwenye barua mbaya mkononi itachagua njia ya dola 1,500, na hakuna wa kuilaumu. Shirika hilo hilo husikiliza pia migogoro ya majina ya baadhi ya nchi, yakiwemo ya .tz na .ug, kwa hiyo asidhani mtu kwamba hayo ni mambo ya Wazungu tu.

Hata hivyo isieleweke kwamba kuuza jina ni kosa. Si kosa. Wasuluhishi wamekubali mara nyingi kwamba mtu anaweza kusajili maneno ya kawaida ya kamusi na kuyafanyia biashara, na kwamba kumtajia bei mtu aliyekuja mwenyewe kuuliza si ushahidi wa nia mbaya kwa peke yake. Tofauti iko katika mambo mawili: jina lenyewe ni la nani, na nani alianza kuzungumza.

Hapo muuzaji anapata kanuni ya kwanza. Kama jina limebeba alama ya biashara ya mtu mwingine, dawa si kuandika barua nzuri zaidi. Dawa ni kutolisajili. Kama ni neno la kawaida, tuseme linalohusu samaki, utalii au mabati, anaweza kuwaandikia wafanyabiashara wa sekta hiyo, lakini achague maneno.

Barua ya mistari minne

Barua ya namna hiyo haihitaji zaidi ya mistari minne: jina lenyewe, kwamba linauzwa, bei yake, na mahali ambapo biashara itakamilishwa kwa usalama. Atie na jina lake halisi na anwani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu barua pepe za biashara inataka barua hizo ziwe na kichwa cha kweli, anwani halisi ya mtumaji na njia ya mpokeaji kukataa nyingine. Anayewaandikia wanunuzi wa huko aifuate, na hata anayewaandikia wa hapa hatapoteza kitu kwa kuifuata.

Kuna sentensi moja ambayo wauzaji wengi huipenda: nunueni kabla mshindani wenu hajanunua. Wanaona ni ujanja wa kumharakisha mteja. Kwa mwanasheria, sentensi hiyo ni tishio, na inakaribia mno maneno ya utaratibu wa ICANN kuhusu kumuuzia mshindani. Kadhalika kusema kwamba kesi itawagharimu zaidi kuliko bei inayotakiwa ni kumfungulia mwanasheria mlango.

Kutuma barua moja kwa watu mia tatu nako hakufai. Kampuni iliyo makini ikiona barua isiyotaja hata jina lake, huifuta. Afadhali kuwaandikia watu kumi ambao biashara zao zimechunguzwa.

Jibu la kwanza kwa anayeuliza

Mauzo mazuri ya majina mara nyingi huanza kwa mnunuzi kuuliza. Barua yake huwa fupi: je, jina hili linauzwa? Muuzaji asiye na uzoefu huona moyo ukimdunda. Wapo wanaojibu usiku ule ule kwa ukurasa mzima, wakieleza walivyolipata, ada walizolipa na shida walizo nazo. Wapo wanaokaa wiki mbili ili wasionekane wana njaa. Wote wanakosea. Wa kwanza amejishusha bei mwenyewe, na wa pili atakuta mnunuzi amekwisha kuchagua jina jingine.

Kabla ya kujibu, muuzaji ana kazi ya saa moja. Aangalie kama neno hilo limesajiliwa kama alama ya biashara, na na nani. Aangalie kama neno hilo hilo linatumika na kampuni zenye miishio mingine. Aangalie anwani ya barua pepe ya mwulizaji ni ya kampuni gani, ingawa wanunuzi wakubwa hujificha nyuma ya dalali ili bei isipande. Ndipo ajibu ndani ya siku moja au mbili.

Ajibu nini? Wafanyabiashara wa majina wamegawanyika kuhusu swali hili. Kundi moja husema muuzaji asitaje bei, bali amwombe mnunuzi atoe ofa, kwa kuwa mtu anayetaja kwanza huenda akataja kidogo. Mfano wao ni wa kutisha: mtu anauza kwa dola 2,000, kisha anasikia kwamba aliyenunua ni kampuni ambayo ingelipa mara ishirini ya hizo. Kundi la pili husema bei itajwe mapema na wazi.

Hoja ya kundi la pili ina nguvu zaidi, hasa kwa muuzaji mdogo. Kwanza, mnunuzi asiyeambiwa bei hutoa ofa ndogo mno, muuzaji hukasirika, na mazungumzo hugeuka ugomvi kama ilivyokuwa kwa dola 10 za Victoria. Pili, bei iliyowekwa kabla mnunuzi hajajulikana haiwezi kusemwa kwamba ilipangwa kwa kumlenga yeye. Tatu, wengi huuliza mara moja tu. Wasipoona tarakimu huondoka bila kuaga. Hofu ya kuuza kwa bei ya chini ni ya kweli, lakini dawa yake ni muuzaji kukaa chini mapema, kabla ya barua yoyote kuja, na kuamua bei ambayo hataijutia hata akimjua mnunuzi kesho yake.

Bei ikishatajwa, isimame. Kariakoo mteja akigeuka kuondoka, mwenye duka humwita arudi na bei hushuka hapo hapo. Wote wawili wanajua kwamba ile ya kwanza haikuwa bei. Katika barua pepe hakuna wa kumwita mteja dukani. Akiondoka amekwenda. Na anayeandikiwa dola 50,000 Jumatatu, 20,000 Jumatano na 8,000 Ijumaa hujifunza jambo moja tu, nalo ni kusubiri Jumatatu nyingine. Nafasi ya kupunguza iwepo, lakini iwe ndogo na iwe na sababu, mfano malipo ya mara moja badala ya awamu.

Baya zaidi ni kupandisha bei baada ya mnunuzi kukubali. Baya kama hilo ni kumzua mnunuzi wa pili asiyekuwepo. Mnunuzi akitambua uongo huo huacha kuamini na mengine yote, hata yale ya kweli.

Ofa ndogo nayo isijibiwe kwa kejeli. Inatosha kuandika: asante kwa ofa, bei ni ile ile, itadumu hadi mwisho wa mwezi. Barua ya namna hiyo haina aibu hata ikisomwa mahakamani.

Subira ya kweli

Mauzo mengi makubwa huchukua muda mrefu. Kampuni ya magari ya Tesla ilitumia teslamotors.com hadi mwaka 2016 kwa kuwa tesla.com lilikuwa la mtu mwingine tangu mwaka 1992, miaka mingi kabla kampuni haijaanzishwa. Mkuu wake, Elon Musk, alisema hadharani mwaka 2018 kwamba kulipata kulichukua zaidi ya miaka kumi, dola milioni 11 na juhudi nyingi. Jina la fb.com lilikuwa la shirikisho la wakulima wa Marekani, American Farm Bureau Federation, na mwaka 2010 Facebook ililinunua kwa dola milioni 8.5.

Wauzaji hao wawili walikuwa na jambo moja linalofanana. Walikuwa na jina kwa sababu zao wenyewe kabla mnunuzi hajazaliwa kibiashara. Hawakumfuata, yeye ndiye aliyewafuata. Hakuna barua ya zamani ya kuwaumbua.

Subira hiyo lakini iambatane na kupatikana. Tangu Mei 2018, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa za watu imefanya wasajili wengi wafiche majina na anwani za wenye majina ya intaneti. Zamani mnunuzi aliweza kuona simu ya mwenye jina mara moja. Sasa hutuma ujumbe kupitia fomu ya msajili, na ujumbe huo huishia mahali ambapo muuzaji hatazami. Asiyeweka tangazo kwenye jina lake kwamba linauzwa, wala kuangalia barua za msajili wake, asilalamike kwamba soko ni baya.

Wanunuzi wasionunua

Si kila anayeandika kwa heshima ni mnunuzi. Kuna utapeli wa muda mrefu ambao bado unawanasa wageni wa soko hili. Mtu huandika akitoa ofa nono, dola 15,000 kwa jina lililokaa miaka bila kuulizwa. Muuzaji akikubali kwa furaha, mnunuzi husema bosi wake anahitaji cheti cha uthamini, na kwa wema wake anampa anwani ya mthamini. Cheti kinalipiwa, fedha zinakwenda, na mnunuzi hasikiki tena. Mthamini na mnunuzi ni mtu mmoja.

Jibu ni moja na halibadiliki: mwenye kuhitaji uthamini aulipie mwenyewe.

Makabidhiano nayo yana hatari zake. Muuzaji hataki kutoa jina kabla ya fedha, na mnunuzi hataki kutoa fedha kabla ya jina. Hapo huhitajika mtu wa tatu anayeshika amana. Kampuni ya Escrow.com imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu mwaka 1999. Mnunuzi humpa wakala fedha, wakala humwambia muuzaji zimefika, muuzaji huhamisha jina, mnunuzi huthibitisha, ndipo fedha hutolewa. Muuzaji wa Afrika Mashariki ahakikishe kabla ya kuahidi lolote kwamba wakala anayemtaja anaweza kulipa katika benki ya nchi yake, na waelewane mapema nani atalipa gharama ya wakala. Mambo hayo mawili yakizushwa mwishoni huvunja mauzo ambayo bei yake ilikwisha kukubaliwa.

Kadhalika amweleze mnunuzi ukweli kuhusu muda. Jina la .com lililosajiliwa karibuni kwa kawaida haliwezi kuhamishiwa kwa msajili mwingine kabla ya siku 60 kupita. Mnunuzi anayeambiwa hivyo mwanzoni huelewa. Anayeligundua baada ya kulipa hudhani ametapeliwa.

Wenye nguvu na wanyonge

Wapo watakaosema kwamba ushauri huu wote unamfunga mnyonge na kumwacha mwenye nguvu. Wana hoja. Kampuni inaweza kumwandikia mtu barua tano ikimbembeleza auze, na akikataa ikamfungulia mashitaka ya nia mbaya. Mfanyabiashara wa Marekani Uzi Nissan alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa ajili ya duka lake la kompyuta lililobeba jina la ukoo wake. Mwaka 1999 kampuni ya magari ya Nissan ilimshitaki. Jina lilibaki kuwa lake, lakini baada ya miaka mingi ya mahakama na gharama ambazo mwenye duka hapaswi kubeba kwa kutumia jina la babu yake.

Utaratibu wa ICANN unatambua ubaya huo, na wasuluhishi wamewahi kuzikemea kampuni zilizolalamika kwa hila baada ya kushindwa kununua. Lakini kemeo ni maneno tu. Utaratibu huo hautoi fidia, na kampuni iliyokemewa haitozwi hata senti moja kwa ajili ya usumbufu. Hilo ni pengo, na ICANN inapaswa kuliziba. Mlalamikaji anayethibitika kutumia hila angelazimishwa japo kulipa gharama za utetezi, barua nyingi za vitisho zisingeandikwa.

Mpaka siku hiyo ifike, mnyonge hana silaha nyingine ila kumbukumbu safi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Aweke tarehe ya kusajili na sababu ya kusajili. Aweke kila barua iliyokuja na kila aliyoijibu. Asidhani kwamba kuandika juu ya barua kuwa ni ya siri ya mapatano kutamkinga, kwani wasuluhishi wa majina wamekuwa wakizisoma barua za namna hiyo pale zinapoonyesha nia mbaya. Na mazungumzo yakifanyika kwa simu, aandike barua fupi siku hiyo hiyo kurudia kilichosemwa.

Kila barua ya muuzaji ina wasomaji watatu: mnunuzi, wakili wa mnunuzi, na msuluhishi ambaye huenda akaisoma miaka mitano baadaye. Kijana wa Victoria alimwandikia wa kwanza tu. Muuzaji atakayeandika akiwafikiria wote watatu huenda akauza polepole, na mara nyingine huenda asiuze kabisa. Lakini kesho yake asubuhi jina litakuwa bado ni lake, na atakuwa na kitu cha kuuza.